Jagari Amerudi, Kanda Zetu Ziko Wapi?

Mwezi Juni mwaka 2023 ilitoka albamu iitwayo Zango, jina lenye maana ya mahali pa kukutania. Mwimbaji wake mkuu ni Emmanuel Chanda, ambaye Wazambia humwita Jagari, na wakati huo alikuwa amekwishavuka umri wa miaka 70. Kundi lake, WITCH, lilikuwa halijatoa albamu mpya kwa karibu miaka 40. Katika umri ambao wengi wetu huhesabu vidonge vya shinikizo la damu na kufuatilia mafao yasiyofika, mzee huyu alikuwa akipanda majukwaa ya Ulaya na Marekani, mbele ya vijana ambao hata wazazi wao huenda hawakuwa wamezaliwa aliposhika kipaza sauti kwa mara ya kwanza.

Habari za namna hii husimuliwa kama muujiza. Tunaambiwa kipaji hakizeeki, au kwamba mvumilivu hula mbivu, kisha tunapiga makofi na kwenda zetu. Mimi ninaisoma habari hii kwa jicho la historia, na historia inaniambia jambo jingine. Jagari amerudi kwa sababu sauti yake ya mwaka 1972 ilikuwa imeandikwa kwenye santuri, santuri ikabaki na jina lake, na akatokea mtu wa kuitafuta. Amerudishwa na kumbukumbu iliyotunzwa. Jambo la kufikirisha ni kwamba watunzaji hawakuwa serikali yake wala taasisi za nchi yake. Kwa sisi wa upande huu wa mpaka, swali linalofuata ni zito: akitokea leo mtu wa kumtafuta Jagari wa Tanzania, atamkuta wapi?

Ninaandika haya kutoka Mpui, katika uwanda wa juu wa Ufipa, kwenye barabara iendayo Laela na Tunduma. Huku Zambia ni jirani kabisa. Malori yanayopita yanaelekea Tunduma, ambako hatua chache zinamtenganisha mtu na Nakonde. Na kupitia Matai na Kasesya mtu anafika Mbala. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza bila kuwauliza. Wakati wa ukoloni wanaume wa Ufipa walikwenda kutafuta fedha ya kodi kwenye mashamba ya mkonge, kwenye dhahabu ya Lupa, na wengine kwenye migodi ya shaba ya Copperbelt. Waliorudi hawakurudi na mablanketi na baiskeli peke yake. Walirudi pia na lugha, mitindo ya mavazi na nyimbo. Tangu mwaka 1949, redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria ilipoanza kuuzwa kwa Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, sauti ya Lusaka iliingia vijijini, na mawimbi ya redio hayajawahi kudaiwa pasi mpakani. Kwa hiyo ninapozungumzia muziki wa Kitwe na Ndola, sizungumzii nchi ya mbali. Kwa mtu wa Mpui, kwa miaka mingi, Kitwe ilikuwa karibu zaidi na maisha yake kuliko Dar es Salaam.

Kuna mzaha mdogo ndani ya jiografia hii. Jina la Sumbawanga, kama lifasiriwavyo na wenyeji, lina maana ya “tupa uchawi”. Na kundi la Jagari lilijiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mchawi, kisha likaeleza kwamba herufi zake zinasimamia sentensi nzima: tumekusudia kuleta vurugu. Vijana wale walijua kucheka, na kicheko chao kilikuwa na historia nyuma yake.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na utajiri ambao Tanganyika ya mwaka 1961 haikuuota. Shaba ilileta zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya kigeni. Miji ya Copperbelt ilikuwa na umeme, kumbi za starehe, mishahara ya kila mwezi na watoto wa wachimba migodi waliosoma sekondari. Wazungu wa migodini walikuwa wameleta santuri za Rolling Stones, Jimi Hendrix na Deep Purple. Vijana Waafrika wakazisikiliza, wakaziiga, halafu wakachoka kuiga. Jina lenyewe la Jagari ni ushahidi wa safari hiyo. Mashabiki walimfananisha na Mick Jagger. Yeye akalichukua jina, akalitia irabu ya Kiafrika mwishoni, likawa lake. Kundi lilizaliwa Kitwe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Albamu yake ya kwanza, Introduction, ya mwaka 1972, huhesabiwa miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za muziki wa roki kutolewa na Wazambia. Wanamuziki waliisimamia wenyewe na kuiuza wenyewe kwenye maonyesho yao. Mwaka 1975 wakatoa Lazy Bones!!, ambayo leo watafiti wengi huiweka kileleni mwa kazi zao. Hawakuwa peke yao. Walikuwapo Amanaz na albamu yao Africa ya mwaka 1975. Walikuwapo Musi-O-Tunya na Rikki Ililonga, waliofanya kazi pia Nairobi, kituo kikubwa cha kurekodi na kuchapa santuri katika ukanda wetu. Alikuwapo Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family, aliyeimba maisha ya mtu wa kawaida kwa lugha za nyumbani juu ya gitaa linalonguruma. Muziki huo wote ukaja kuitwa Zamrock.

Mchango wa dola katika simulizi hii hauna budi kutajwa kwa haki. Rais Kenneth Kaunda alikuwa mpiga gitaa, na katika miaka hiyo ya 1970 aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Agizo lile halikuwazalisha akina Jagari, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamekwishaanza. Lakini liliwafungulia mlango wa redio. Kinachonivutia zaidi ni kwamba agizo lilitaja muziki wa Zambia bila kutaja ala wala mdundo. Gitaa la umeme lenye kelele, likipigwa na Mzambia, lilikuwa muziki wa Zambia. Dola haikumwambia kijana wa Kitwe kwamba uzalendo lazima uvae kaniki.

Upande wetu mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuingia madarakani kama Rais mwezi Desemba 1962, alitangaza kuanzishwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akieleza kwamba ukoloni ulitufanya tuone aibu kwa vya kwetu. Hilo lilikuwa sahihi na lilihitajika. Lakini sera ilipoteremka kwa watekelezaji ilipata meno. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita mitaani. Mwishoni mwa mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Kwa upande mwingine, dola hiyohiyo ililea muziki kwa mkono wa ukarimu: NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz chini ya kiwanda cha nguo, bendi za Polisi na za Jeshi la Kujenga Taifa. Mpiga tarumbeta alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Radio Tanzania ilizirekodi bendi hizo kwa wingi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa studio kuu ya nchi.

Kijana wa Kitanzania aliyetaka roki alibaki pembeni ya mpango huu, ingawa hakukosekana. Kundi la Sunburst lilianza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, likiwakusanya wanamuziki wa nchi zaidi ya moja, na lilichanganya roki, soul na midundo ya hapa. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Ilitoka wapi? Ilitoka Zambia. Ni mwaka uleule reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilipokabidhiwa rasmi kwa serikali mbili. Katika vitabu vyetu reli hiyo ni habari ya shaba, ya Wachina na ya ukombozi wa Kusini. Ni kweli, lakini kipindi hicho kilikuwa pia kipindi ambacho wanamuziki, kama wafanyakazi wengine, waliifuata kazi ilikokuwa. Na kazi ilikuwa upande wa shaba.

Kisha shaba ikaanguka. Kati ya Aprili na Desemba 1974 bei yake katika soko la dunia ilishuka kwa zaidi ya nusu, na haikupata nafuu ya kudumu kwa miaka mingi. Nchi iliyotegemea zao moja ilijikuta haina fedha za kuagiza mafuta, vipuri, dawa, wala nyuzi za gitaa. Vita vya ukombozi viliongeza mzigo. Rhodesia ya Ian Smith ilikuwa imefunga mpaka wake na Zambia mwaka 1973, na kufikia mwishoni mwa muongo ndege na makomando wake walikuwa wakishambulia ndani ya Zambia. Onyesho la muziki lililozoea kuanza jioni na kumalizika alfajiri haliwezi kustawi palipo na hofu na amri za kutotembea usiku. Wenye kumbi wakataka disko, kwa kuwa mtu mmoja na mashine yake ni nafuu kuliko watu sita na vyombo vyao. WITCH wenyewe waliendelea hadi miaka ya 1980 wakiwa wamegeukia midundo hiyo ya disko, lakini Jagari hakuwa nao tena.

Pigo la mwisho lilikuwa la kimya. UKIMWI uliingia katika miji ya Zambia kama ulivyoingia Kagera na Rakai, na uliwakuta wanamuziki katika maisha ya safari na usiku. Kaunda mwenyewe alimpoteza mwanawe Masuzyo mwaka 1986, na mwaka uliofuata akatangaza hadharani kwamba ulikuwa UKIMWI. Wakati huo wakuu wa nchi wengi wa Afrika hawakuthubutu hata kulitamka neno hilo. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Wa kundi la kwanza la WITCH walikwenda mmoja baada ya mwingine, akabaki Jagari. Yeye alikuwa amekwishaondoka jukwaani katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, akasomea ualimu wa muziki na kufundisha, kisha baadaye akaingia kwenye uchimbaji mdogo wa vito. Msomaji na alitafakari hilo. Mtu aliyekuwa nyota wa nchi iliyojengwa na migodi aliishia kuchimba ardhi kwa mikono yake akitafuta mawe ya kuuza. Sioni mfano mwepesi kuliko huu wa kumweleza mwanafunzi maana ya uchumi wa zao moja.

Urejeo ulianza bila yeye kuwapo. Wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani walianza kubadilishana nakala chakavu za rekodi za Zambia kwa bei kubwa. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles, ikifanya kazi na wachache waliobaki hai, ilianza kuzitoa upya rekodi hizo, na mwaka 2012 ikatoa mkusanyo wa kazi za WITCH katika sanduku moja. Mtengenezaji filamu wa Kiitalia, Gio Arlotta, alifunga safari kwenda kumtafuta Jagari. Filamu yake juu ya kundi hilo ilitoka mwaka 2019. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2017, Jagari alifanya ziara ya Ulaya akisindikizwa na wanamuziki vijana wa huko waliojifunza nyimbo zake kutoka kwenye santuri. Kufikia Zango, kundi lilikuwa limekamilika tena kwa damu changa, na Sampa the Great, msanii wa hip hop mzaliwa wa Zambia, alishiriki. Mwaka 2022 Sampa alikuwa ametoa wimbo Never Forget, aliouweka kama heshima kwa Zamrock. Mjukuu alimkuta babu, na walikutania kwenye kumbukumbu iliyokuwa imetunzwa ng'ambo.

Lakini kuna urejeo wa aina ya pili, na huu unahitaji macho makavu zaidi. Oktoba 2024 msanii wa Marekani, Tyler, the Creator, alitoa wimbo uitwao Noid. Uti wa mgongo wa wimbo huo ni kipande kilichonyofolewa kutoka Nizakupanga Ngozi, wimbo wa Ngozi Family wa miaka ya 1970. Video yake ni mchezo wa kuchekesha wenye kitisho ndani yake: msanii maarufu anaandamwa na watu, na mwigizaji Ayo Edebiri anacheza nafasi ya shabiki aliyepagawa, anayemjia kwa furaha iliyopindukia hadi furaha yenyewe inaogopesha. Vijana duniani kote waliitazama wakacheka. Nyuma ya kicheko hicho inasikika sauti ya Mzambia aliyezikwa mwaka 1989, akiimba kwa lugha ya nyumbani ambayo wengi wa watazamaji hao hawaifahamu.

Jagari amerudi na mwili wake. Anaweza kukubali mkataba au kuukataa, anaweza kusahihisha makosa yanayoandikwa juu yake, anaweza kucheka na watazamaji wake uso kwa uso. Paul Ngozi amerudi kama sauti tu. Kinachosimama badala yake ni karatasi: jina kwenye santuri, mwaka, mtunzi, mwenye haki, mrithi. Karatasi hizo zikiwapo, marehemu hupata heshima na jamaa zake huweza kudai mirabaha. Zisipokuwapo, sauti ya mtu inageuka kuwa kama kuni za porini, kila apitaye anajiokotea.

Hapa ndipo ninaporudi nyumbani. Sisi nasi tumeona mizaha ya video ikifufua nyimbo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome, iliyojengwa juu ya Maria Salome ya Saida Karoli, wimbo wa Kihaya uliotikisa nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Video ilikuwa ya shangwe, rangi na ngoma, na nchi nzima ikacheza. Mwaka uliofuata Saida mwenyewe alirejea na Orugambo, neno la Kihaya linalohusu uvumi na maneno ya watu. Nililipenda sana chaguo lile la jina. Watu walikuwa wamekwishamsemea mengi katika miaka ya ukimya wake, naye akaufanya umbea wao kuwa wimbo. Hata hivyo tusisahau kilichomwezesha. Sauti yake ya mwanzo ilikuwa kwenye kanda zilizouzwa madukani, jina lake lilikuwa juu ya kasha, na watu walimkumbuka. Vijana walipouchukua wimbo, kila mtu alijua umetoka kwa nani.

Sasa tuwafikirie wale ambao sauti zao hazikuwahi kuuzwa madukani. Bendi zetu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi Radio Tanzania kwenye kanda kubwa za sumaku, kwa ajili ya kurushwa hewani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Waliotaka santuri walitegemea Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Matokeo yake, sehemu kubwa ya kumbukumbu ya muziki wa taifa iko kwenye kanda ambazo leo ni urithi wa TBC. Kanda ya sumaku si jiwe. Joto, unyevu na vumbi huimaliza polepole, na mashine za kuichezea zinazidi kuadimika. Zimekuwapo juhudi za kuziokoa, zikiwamo za Tanzania Heritage Project, zilizotaka zihamishiwe kwenye mfumo wa kidijitali. Juhudi za watu wenye nia njema haziwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa taifa. Na Sunburst, je? Ave Africa ilitolewa upya mwaka 2016 na lebo ya Strut ya Ulaya. Kwa hiyo mwanafunzi wangu anayetaka kujua roki ya Dar es Salaam ilisikikaje analazimika kuipata Ulaya.

Ninajua majibu mawili yatakayokuja. La kwanza litasema kwamba huu ni wizi uleule wa zamani: walichukua shaba, sasa wanachukua nyimbo. Ninauheshimu uchungu huo, na pale ambapo mtu amechapisha kazi ya mwingine bila kumlipa, neno wizi ndilo linalofaa. Lakini uchungu hautoshi kuwa uchambuzi. Aliyeitoa upya albamu ya WITCH aliikuta imeachwa. Aliyefunga safari kwenda kumtafuta Jagari alimkuta akichimba vito, na taifa lake lilikuwa limemwacha huko kwa miongo kadhaa. Tusimlaumu mgeni kwa kuokota tulichokitupa kabla hatujajiuliza kwa nini tulikitupa.

Jibu la pili ni la watumishi wenzangu wa umma, na nimelisikia vikaoni mara nyingi: zahanati haina dawa, shule haina madawati, nawe unazungumzia kanda za muziki? Ninaishi kwenye uwanda ambao mkulima wa mahindi huanza msimu hajui kama mbolea itafika kwa wakati, kwa hiyo silichukulii swali hilo kwa dharau. Jibu langu ni kwamba kumbukumbu ni mali, tena mali inayozaa. Zambia ya mwaka 1975 iliamini utajiri wake uko chini ya ardhi. Miaka 50 baadaye, nyimbo zilizotungwa na watoto wa wachimba migodi zinauzwa Los Angeles, London na Tokyo, na bei yake haipangwi katika soko la metali. Swali la kiutawala ni nani anayenufaika. Bila kumbukumbu na hati, jibu haliwezi kuwa sisi.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA ipo kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini sheria inamlinda anayeweza kuthibitisha. Mpiga gitaa la solo wa bendi ya kiwanda, aliyetunga wimbo mwaka 1974 akiwa mwajiriwa, ambaye jina lake halikuandikwa popote ila jina la bendi, atathibitisha kwa kipi? Shahidi wake ni ile kanda na jalada lake, na kitabu cha studio kilichoandikwa kwa mkono siku waliyorekodi. Kanda ikioza na kitabu kikiliwa na mchwa, haki yake imekufa hata kama sheria iko hai.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila halmashauri ina ofisa utamaduni, na katika halmashauri nyingi kazi yake inayoonekana ni kupanga vikundi vya ngoma siku mwenge unapopita. Apewe kazi moja yenye kipimo: kuandika orodha ya wanamuziki wote wenye umri wa zaidi ya miaka 60 katika eneo lake, nyimbo zao, bendi walizopigia, na waliorekodi nao. Simu ya mkononi inatosha kuanza. Pili, wanafunzi wa historia, fasihi na sheria waelekezwe huko katika tasnifu zao, badala ya kunakiliana mada zilezile kila mwaka. Tatu, kanda za redio ya taifa zitazamwe kama tunavyozitazama hati za ardhi: ziwe na orodha inayofikiwa na umma, bajeti ya kudumu, na utaratibu wa mtunzi au mrithi wake kudai kilicho chake.

Na tuanze na tuliowazoea. Katika Ufipa zipo nyimbo za mavuno ya ulezi, za harusi na za vilabuni, ambazo hazijawahi kuingia kwenye kanda yoyote. Wapo wazee waliocheza dansi Copperbelt wakiwa vijana, wanaojua Kibemba cha migodini na nyimbo zake. Hawa hawana hata santuri chakavu ya kuwasubiri kwenye duka la mkusanyaji wa ng'ambo. Muziki wao uko katika vifua vyao, na kila msiba mmoja unapopita huku uwandani, sehemu yake inakwenda kaburini bila nakala.

Jagari alibahatika kurekodiwa mapema na kuishi muda mrefu. Kuishi muda mrefu hakumo mikononi mwa wizara yoyote. Kurekodi kumo.